Nani Anashuka Kugusa Mwamba?

Leo tutashuka chini ya mto, tena mbali na kwetu: ku St. Louis, Marekani, ku mto Mississippi. Lakini mimi safari yangu ilianzia Haut-Katanga, mu shimo la mita tano, na nitaanza pale juu bila lile shimo nisingeandika kitu.

Wakati wa stazhi walinipa kazi ya kusimamia sondaji za jengo moja la ghorofa nne. Kampuni siitaji. Tulikuwa na penetrometre ndogo ya mkono: chuma kirefu kinapigwa na nyundo, unahesabu mapigo, unaandika mu karine. Ku pointi ya tatu, kwenye mita tano na kidogo, chuma kikakataa. Tunapiga, kinaruka tu. Kwa Kifaransa wanaita refus. Nikaandika: mwamba. Nikasaini. Ile fasi tunajua iko kalkere chini, yaani jiwe la chokaa, ile kalkere ya Kakontwe ambayo wanafunzi wa jiolojia wa Lubumbashi wanaijua tangu mwaka wa kwanza. Sikuona shida.

Kulikuwa mzee mmoja, mchimba visima, sisi wote tulimuita Papa. Akaangalia karine yangu, akaniuliza: «Mwana, hii unaandika, ni mwamba ao ni jiwe?»

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Siku iliyofuata mkubwa wa shantie akasema sawa, tuhakikishe. Na kuhakikisha maana yake ilikuwa hii: Papa akafungwa kamba, akashuka na burini na nyundo, akachimba mpaka pale chuma kilikataa, akapiga lile jiwe siku mbili. Hewa chini ilikuwa nzito, kila nusu saa tulimpandisha akohoe. Siku ya pili mchana burini ikapita. Jiwe lilikuwa na unene wa sentimita sabini hivi. Chini yake, udongo mwekundu, laini kama bukari ya jana.

Kwa wale hamkusoma mambo haya: kalkere ni jiwe linaloyeyuka. Maji ya mvua yanachukua kaboni ya hewa na ya udongo, yanakuwa na ukali kidogo, yanapita mu nyufa, na kwa maelfu ya miaka yanakula jiwe toka ndani. Unabaki na mwamba mgumu wa kuvunja meno ya mashine, na mita moja pembeni unakuta tundu, ao udongo, ao jiwe moja kubwa lililokaa peke yake katikati ya udongo likijifanya mwamba. Njo maana swali la Papa halikuwa la mchezo. Nikaanza kutafuta: zamani, kabla ya mashine, watu walijuaje kama wamefika ku mwamba wa kweli? Hivyo njo nilikutana na James Eads.

Eads alizaliwa mwaka 1820. Alifika St. Louis akiwa mtoto, mwaka 1833, na meli iliyowaleta ikashika moto wakati wa kufika, familia ikashuka na nguo za mwilini. Aliuza matunda barabarani. Masomo yake yaliishia pale, na yaliyobaki aliyapata mu maktaba ya tajiri aliyemwajiri dukani. Halafu akaingia kazi ambayo hakuna fakilte inafundisha: kuokota mali ya meli zilizozama. Mara ya kwanza alitumia pipa la wiski kama kengele ya kuzamia, amekaa ndani, hewa inasukumwa toka juu. Kwa miaka alitembea chini ya Mississippi kwa miguu yake, gizani, akipapasa.

Pale chini alijifunza kitu ambacho wahandisi wengine walikosa. Mchanga wa chini ya mto hautulii. Aliwahi kueleza kwamba, chini ya maji ya mita karibu ishirini, alisimama mu mchanga uliokuwa unatembea na maji, karibu mita nzima ya mchanga inayokimbia kama mto mwingine chini ya mto. Wakati wa mafuriko mto unachimba kitanda chake wenyewe. Kama nguzo ya daraja imesimama ku mchanga, siku moja mto utaichimba miguu.

Mwaka 1867 alipewa kazi ya kujenga daraja la St. Louis. Hakuwa amejenga daraja lolote mbele ya pale. Alisema nguzo zote zitashuka mpaka ku mwamba. Mwaka huohuo mshindani wake, Lucius Boomer, aliita mkutano wa wahandisi, wakakaa, wakaona kwamba kushuka chini hivyo ni gharama ya bule. Diploma zilikuwa upande wao. Yule ambaye alikuwa amekanyaga chini ya mto alikuwa mmoja tu. (Sisemi diploma haina kazi, mimi nimeisumbukia miaka mitano. Naeleza tu ilivyokuwa.)

Mwamba wenyewe ulikuwa kalkere. Mji wa St. Louis umekaa juu ya kalkere mpaka wanajiolojia wana tabaka moja wanaloita kwa jina la mji. Chini ya nyumba kuna mapango, na karne ya 19 watengenezaji wa bia waliyatumia kupooza bia yao. Watu wa Lubumbashi, wenye Simba yao, wangelipenda lile wazo.

Shida ilikuwa kufika. Ku upande wa mashariki, mwamba ulikuwa chini sana, juu yake mchanga mtupu wenye maji. Huwezi kuchimba shimo mu mchanga wa majimaji, linajaa nyuma yako. Jibu lilikuwa tayari limevumbuliwa Ufaransa. Miaka ya 1839 mpaka 1841, Triger, mjiolojia, alitaka kufikia makaa ya mawe chini ya mchanga wa mto Loire, pale Chalonnes. Akashusha bomba kubwa la chuma, akalifunga juu, akasukuma hewa ndani kwa nguvu mpaka hewa ikafukuza maji. Wachimbaji waliingia kwa chumba kidogo chenye milango miwili: unafunga wa nyuma, hewa inajaa, unafungua wa mbele. Mwaka 1868 Eads aligonjwa kifua, akaenda Ulaya kupumzika, na mwaka uliofuata ku Vichy akaona nguzo za daraja zinashushwa kwa mbinu hiyohiyo. Akarudi nyumbani na mpango mpya.

Mwezi wa kumi 1869 kesoni ya nguzo ya mashariki ikaingia mu mto. Fikiria boksi la chuma lililogeuzwa kichwa chini, urefu wa mita 25, upana wa mita 18. Juu yake mafundi wanajenga nguzo ya mawe, na uzito wa mawe unalisukuma kushuka. Chini yake, mu chumba chenye kimo cha mita 2.7, watu wanachimba mchanga na kuupeleka ku pampu ambayo Eads aliitunga mwenyewe, inayofyonza mchanga na vijiwe na kuvirusha nje. Kadiri wanavyochimba, nguzo inashuka juu ya vichwa vyao. Unajenga juu ya watu.

Ndani kila kitu kilikuwa cha ajabu. Sauti zilibadilika, zikawa nyembamba. Mishumaa iliungua upesi kuliko kawaida, na ukipuliza moto ulizima na kuwaka tena. Wageni wa heshima waliletwa kutembea. Kulikuwa hata telegrafu ya kuongea na watu wa juu.

Tarehe 28 mwezi wa pili 1870 kesoni ikagusa mwamba, mita 28.5 chini ya maji. Wakapapasa kwa mikono, wakapiga kwa vyuma. Kalkere. Swali la Papa lilijibiwa kwa njia ileile ya Papa: mutu alishuka, akagusa.

Hewa mule ndani wakati ule ilikuwa na presio karibu mara nne ya hii tunayovuta hapa. Wafanyakazi walikuwa wameanza kuumwa tangu kesoni ilipopita mita ishirini hivi: tumbo, viungo, miguu kukataa. Walikuwa wanapanda ngazi ndefu ya mzunguko, wanafika juu wamejikunja. Wenzao walicheka, wakaipa ile hali jina la utani lenye maana ya kuinama, kwa kufananisha na mtindo wa wanawake wa siku zile wa kutembea wameinama mbele. Jina limebaki mpaka leo kwa Kiingereza. Dawa yao ilikuwa vikuku vya zinki na fedha, vinavaliwa mikononi, kiunoni, miguuni. Eads mwenyewe aliviruhusu. Usiwacheke haraka, kila shantie iko na vikuku vyake.

Sasa hapa njo nilisimama kusoma, nikafunga simu kwanza. Vifo havikuja wakati wa kuchimba. Mwamba ulikuwa umekwisha kupatikana, magazeti yamekwisha kufurahi. Lakini chumba kile kilipaswa kujazwa beto, na kujaza kulitaka watu wakae chini, kwenye presio kubwa kuliko zote, wiki baada ya wiki. Tarehe 19 mwezi wa tatu, mfanyakazi mmoja alitoka baada ya saa mbili za kazi. Alisema anajisikia vizuri. Dakika kumi na tano baadaye alikuwa maiti. Siku zilizofuata wengine wakamfuata. Mpaka mwisho wa daraja waliokufa kwa ugonjwa huu walipita kumi, na wengine walibaki na ulemavu.

Eads alimwita daktari wake, Alphonse Jaminet. Huyu ninamheshimu, hakukaa mezani. Siku ile mwamba ulipoguswa, yeye alikuwa mule ndani, alikaa saa mbili na dakika arobaini na tano, halafu akatoka kwa dakika tatu na nusu tu. Akafika nyumbani mwili umepooza, hawezi kuongea vizuri, peke yake, akidhani anakufa. Akapona. Baadaye akapunguza saa za kazi, akalazimisha watu kupumzika na kula vizuri, na kukawa na meli ya kuwatunza wagonjwa pale mtoni. Ku nguzo ya mwisho ya mashariki, ile ya ukingoni, walishuka chini zaidi, mita 41 ukihesabu toka maji ya mafuriko. Safari hii waliweka asansere ili watu wasipande ngazi, saa za kazi zikawa fupi kabisa, na ugonjwa ulipungua sana ijapokuwa kina kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

Lakini Jaminet alikosea sababu. Aliamini ni uchovu, mwili kuishiwa nguvu. Alikuwa ameumwa yeye mwenyewe, kwa kutoka haraka, na jibu lilikuwa mu miguu yake iliyopooza, hakulisoma. Na kinachouma zaidi: jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka 1854, miaka kumi na sita mbele ya St. Louis, madaktari wawili Wafaransa, Pol na Watelle, walikuwa wamefuata wachimbaji wa kesoni, wakaandika kwamba hatari haiko ku kuingia, iko ku kutoka. Kwamba kutoka polepole kunasaidia. Na kwamba mgonjwa akirudishwa mu presio anapata nafuu. Iliandikwa kwa Kifaransa, mu jarida la afya. Eads alileta toka Ufaransa mashine. Lile karatasi halikupanda meli.

Mwaka 1878 Paul Bert, wa Paris, akaeleza kinachotokea: chini ya presio, azoti ya hewa inaingia mu damu na mu mafuta ya mwili, ukitoka haraka inatoka kwa mapovu, kama Fanta iliyofunguliwa baada ya kutikiswa. Mwaka 1908 Haldane, Mskoti, akatoa jedwali za kupanda kwa vituo. Daraja la Eads lilikuwa limekwisha kufunguliwa, tarehe 4 mwezi wa saba 1874, matao matatu ya chuma cha pua kigumu, la katikati mita 158. Siku mbili mbele ya sherehe walipitisha injini za treni kumi na nne kulipima. Liko pale mpaka leo, magari yanapita juu, treni za mji chini yake. Mto umefurika mara nyingi na haukulichimba miguu. Eads alikuwa na haki juu ya mwamba.

Sasa tuache miaka ipite. Mwaka 2010, kilometa chache tu upande wa juu wa mto uleule, St. Louis walikuwa wanajenga daraja jingine, la nyaya, lenye mita 457 kati ya minara yake. Lilifunguliwa 2014 na lina jina la Stan Musial. (Kwa kulinganisha, daraja letu la Matadi, la 1983, linaruka mita 520. Watu wanasahau.) Mto uleule, mchanga uleule, kalkere ileile. Lakini safari hii hakuna mutu aliyeshuka kuchimba.

Wanafanya hivi. Kwanza sondaji yenyewe: mashine inakata kipande chembamba cha jiwe, mviringo kama mshumaa, kinatolewa na kupangwa mu boksi kwa mpangilio. Hauishii pale unapogusa jiwe. Unaendelea mita kadhaa chini ya fasi nguzo itakapokaa, juu unataka kuona kama ni mwamba, ao ni jiwe, ao ni dari la pango. Halafu wanashusha bomba nene la chuma, kipenyo cha zaidi ya mita tatu, linapita maji na mchanga mpaka linauma kalkere na kuzuia mchanga usiingie. Ndani ya bomba inaingia mashine ya kutoboa, yenye meno ya tangsteni kabidi, kitu kigumu sana. Kalkere ngumu hailimwi kama udongo. Inasagwa kidogo kidogo kwa uzito na mzunguko, ao inakatwa kwa pipa lenye meno ukingoni, halafu kipande cha katikati kinavunjwa na kutolewa. Meno yanaisha, yanabadilishwa, kazi inaendelea. Shimo linaingia ndani ya mwamba mita kadhaa, siyo kukaa juu yake tu kama la Eads, ili nguzo ishikwe kwa chini na kwa pembeni pia. Vumbi na matope ya chini vinafyonzwa, juu beto ikikaa ku matope ni sawa na kukaa ku mchanga. Kifungu cha nondo kinashushwa, na beto inamiminwa kwa bomba linalofika mpaka chini, ikipanda na kusukuma maji juu.

Na nani anagusa? Hapa kuna kifaa ninachokipenda. Jorj Osterberg, profesa wa Chuo Kikuu cha Northwestern, alitunga miaka ya 1980 jeki inayozikwa ndani ya nguzo yenyewe, karibu na chini. Beto ikikomaa, unasukuma mafuta toka juu, jeki inafunguka: inasukuma chini ku mwamba na juu ku nguzo kwa wakati mmoja. Sehemu moja inaipima nyingine. St. Louis, mwaka 2010, walisukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani elfu thelathini, rekodi ya dunia ya wakati ule. Kalkere ya Eads ikajibu swali kwa namba, na kila mutu alikuwa juu akikunywa kahawa.

Nilirudi ku karine yangu ya stazhi na yale yote kichwani. Kusema kweli, kilichonisumbua si kwamba tulikosa mashine ya tangsteni kabidi. Kwa jengo la ghorofa nne haikuhitajika. Sondaji moja ndogo ya kukata jiwe, ao hata pointi tatu zaidi za penetrometre kuzunguka ile iliyokataa, zingeonyesha kwamba pembeni chuma kinapita. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nilisaini neno «mwamba» kwa sababu chuma kiliruka na jua lilikuwa kali, na mzee wa miaka sitini akashuka na kamba kusahihisha neno langu. Mu rapore ya mwisho tuliandika: «Jiwe la sentimita sabini, limethibitishwa kwa kuchimba.» Aliyechimba hakuandikwa.

Mwaka jana nilipita pale tena, nikamkuta Papa amekaa chini ya mwembe, hachimbi sana siku hizi. Nikamuonyesha ku simu video ya mashine ya kutoboa kalkere, lile pipa lenye meno linapanda limebeba kipande cha jiwe kikubwa kuliko gari. Akaangalia mpaka mwisho bila kusema kitu. Halafu akaniuliza: «Na kama ile ingekuwa hapa, mimi watoto ningewasomesha na nini?»

Sikuwa na jibu. Akaniambia nirudishe video mwanzoni, kijana wake wa mwisho anaingia politeknike mwaka huu, nimtumie na yeye aone.